Lipime Kwanza: Kwa Nini Ninajenga Gari la Jeshi kwa Mikebe ya Soda

Wasee, tangu niweke ile video ya Land Rover ya jeshi niliyojenga kwa mikebe ya soda, meseji zinazoingia ni za aina mbili. Za kwanza: "Buda, hiyo ni moto, unauza ngapi?" Za pili: "Kijana wa miaka 22 anacheza na motokaa, na nchi iko hivi?" Wale wa kwanza, siuzi. Wale wa pili, kaeni chini kidogo, juu hii posti ni yenu.

Msimamo wangu ni huu. Rika letu limekua likiona magari ya jeshi, lakini hatujawahi kuyaangalia. Tumeyashangilia, na tumeyatoroka. Lakini kujua yametengenezwa na nini, yanabeba nani, na huyo anayebebwa amekingwa na nini, hiyo hatujafanya. Na njia rahisi zaidi ninayoijua ya kumfanya mtu aangalie kitu vizuri ni kumwambia akijenge, kwa vipimo, bila kudanganya.

Wacha nieleze gari lenyewe.

Oktoba 2011 nilikuwa darasa la pili, nikikaa kwa susu kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, upande wa Mwingi. Jeshi letu lilikuwa linavuka kuingia Somalia. Ile operesheni iliitwa Linda Nchi, na barabara yetu ilikuwa njia yao. Watoto wote tulikuwa tunakimbia hadi kando ya lami kupunga mikono. Malori yalipita mengi, lakini lililonibaki kichwani ni Land Rover moja ya kijani, turubai ya nyuma imefungwa nusu, askari wameketi wakitazamana, magoti yanagusana. Mmoja akatupungia. Kwangu hilo gari lilikuwa kubwa kama nyumba ya susu.

Baada ya hapo kijiji kizima kikawa jeshi. Kila kijana alikuwa na motokaa ya waya, tairi za slipas, na antena ya redio mbovu ikiwa ndiyo bunduki. Kama ulikulia mashambani, ama hata Kayole ama Githurai, unajua hii kazi vizuri. Motokaa ya mtoto haipimwi kwa futi. Inapimwa kwa moyo. Kitu anachokipenda kinakuwa kikubwa, asichokijali hakionekani kabisa. Magari yetu yalikuwa na bunduki ndefu kuliko bodi. Na katika yote, hakuna hata moja lililokuwa na askari ndani.

Sioni kama tulikua tukaacha hiyo tabia. Angalia tunavyoongea kuhusu jeshi mtandaoni. Bunduki ndefu, watu hakuna.

Sasa tuingie kwa vipimo. Skeli ninayotumia ni 1:35, maana yake kila sentimita 35 za gari la ukweli ni sentimita moja kwa langu. Hii ndiyo skeli inayotumika sana duniani kwa modeli za magari ya kivita, na ukidhani iliamuliwa na jenerali fulani, hapana. Ilianza Japani miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ilipotengeneza kifaru cha Panther cha plastiki chenye mota ndani. Walihitaji bodi itoshee betri na mota, na baadaye wakagundua skeli iliyotokea ni kama 1:35. Dunia nzima ikafuata. Napenda hiyo hadithi juu inaonyesha kwamba kitu hakihitaji kuanza na hekima kubwa ndio kiwe na maana. Wakati mwingine ni betri tu.

Kwa skeli hiyo, mtu wa sentimita 175 anakuwa sentimita 5 kamili. Kumbuka hiyo namba, nitairudia.

Gari nililokumbuka ni aina ya Land Rover 110. Hiyo 110 si namba ya urembo. Ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inchi 110, yaani sentimita 279 na kidogo. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 8. Urefu wa gari zima ni kama mita 4.6, kwa hivyo modeli inakuwa sentimita 13, fupi kuliko simu yako. Nyumba ya susu imekuwa kitu cha kuingia mfukoni.

Vipimo vidogo vidogo sikutoa kwa mtandao. Nilibeba futi nikaenda Grogan, hapa Nairobi, kwa mafundi wa Land Rover kuukuu. Msee mmoja aliyekuwa chini ya gari akaniuliza, "Boss, unanunua ama unapima tu?" Nikamwambia napima tu. Akatoka, akafuta mikono, akaanza kunionyesha mwenyewe: mlango unashikwa na bawaba zinazoonekana nje, kioo cha mbele ni bapa, bodi inafungwa kwa vipande vipande ili kimoja kikiharibika ufungue hicho tu. Tulikaa hapo saa nzima. Hakuna mtu anayefundisha vizuri kama fundi aliyegundua kwamba unataka kujua kweli.

Yeye pia ndiye aliniambia niguse bodi na sumaku. Haishiki. Ni alumini. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka wa 1948, vita vimeisha juzi, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, basi wakatumia alumini juu hiyo ndiyo ilipatikana. Mkebe wa soda pia ni alumini. Kwa hivyo wale mnaosema natumia takataka, jueni natumia ukoo uleule wa chuma unaopatikana kwa gari lenyewe.

Na hapa ndipo hii kitu ilinigeuza kichwa.

Ukuta wa mkebe wa soda una unene wa karibu milimita 0.1. Ni kitu unakata na makasi ya shule. Lakini kwa skeli, kila kitu lazima ukizidishe mara 35. Sifuri nukta moja mara 35 ni milimita 3.5. Bodi ya Land Rover ya kawaida haifiki unene huo. Soma tena polepole. Gari langu la mkebe, kwa kipimo chake, lina ngozi nene kuliko lile lililopita mbele yetu likienda vitani.

Na hiyo ni bodi. Wale waliokuwa nyuma walikaa chini ya turubai. Turubai nimeitengeneza kwa tishu iliyolowekwa kwa gundi nyeupe, ikikauka unaipaka rangi, na inakunjika vizuri kabisa kama kitambaa. Nilipoiweka juu ya fremu ya waya niliiangalia sana. Tishu. Hiyo ndiyo ilikuwa kati ya wale wasee na kila kitu kilichokuwa huko nje.

Najua jeshi lina magari ya deraya, na najua si kila mtu alienda kwa Land Rover. Siandiki ripoti ya kijeshi. Nasema hivi: mimi niliona kitu kikubwa kama nyumba, na kwa miaka mingi kichwani mwangu kilibaki hivyo, chuma kizito kisichoweza kufanywa kitu. Hesabu ya darasa la sita ikaniambia ukweli kwa dakika mbili.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa jeshini. Alienda Somalia, akarudi, na akatoka jeshi baadaye. Huwa haongei kuhusu huko, na nyumbani tulishajua kutomwuliza. Alipokuja kututembelea, modeli ilikuwa juu ya meza, bado haijapakwa rangi. Akaichukua, akaigeuza chini juu, akaangalia ekseli, akairudisha. Nikadhani yameisha. Kisha akaweka kidole kwa sakafu ya gari, akasema, "Hapa chini tulikuwa tunaweka mifuko ya mchanga."

Nikamwuliza, "Ya nini, mjomba?"

Akasema, "Ya bomu la chini. Miguu yako unaweka juu ya mchanga." Halafu akaomba chai.

Hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kusikia kutoka kwake kuhusu hiyo vita. Usiku huo nilikanda unga wa ngano na chumvi na gundi, nikatengeneza mifuko kumi na minne, kila mmoja kama punje ya maharagwe, nikaipanga sakafuni. Ukiangalia kwa mbali huioni. Mimi najua iko.

Kwa hivyo unaponiambia modeli ni mchezo wa watoto, nakuambia hiyo modeli ilifungua mdomo ambao sherehe zote za kitaifa hazikufungua. Kila sikukuu tunaonyeshwa gwaride, magari yamepakwa rangi mpya, tairi zimepakwa nyeusi zinang'aa. Hakuna siku nimeona mtu anaeleza mifuko ya mchanga.

Na hapa nataka niwe wazi, juu kuna wasee watasema naingiza siasa. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Wengi waliuawa. Miaka ilipita bila serikali kuweka wazi hesabu kamili ya waliokufa. Fikiria hiyo kitu kama mtu wa modeli. Mimi nikijenga gari na likose nati moja ya gurudumu, wasee wa modeli wa huko nje wataniandikia kabla sijafunga simu. Lakini nchi nzima inaweza kukosa hesabu ya watu, na tunaendelea na maisha. Nchi inayotoa watoto wa shule kupungia magari yakienda inafaa iwahesabu watu wakirudi. Mbele za watu, kwa namba.

Sasa tuje karibu zaidi, juu najua wengi wenu hamkumbuki 2011. Mnakumbuka 2024.

Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge, watu walipigwa risasi na kufa, na serikali ikatangaza kwamba jeshi linaingia kusaidia polisi. Wasee wa rika langu, wale waliokuwa wanapunga mikono kando ya barabara, sasa walikuwa wanaangalia magari ya jeshi yakiwa upande ule mwingine. Sisemi ni magari yaleyale. Nasema ni macho yaleyale. Mwaka wa 2011 tulishangilia bila kujua ndani kuna nini. Mwaka wa 2024 tuliogopa bila kujua ndani kuna nini.

Na unajua ni nani alileta vipimo? Mahakama. Suala lilipofika Mahakama Kuu, jaji aliruhusu jeshi libaki, lakini akaagiza serikali iseme wazi litafanya nini, wapi, na kwa muda gani. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo ama ukatae, lakini angalia hayo maswali. Hayo ni maswali ya mtu aliyeshika futi. Hiyo ndiyo tabia naongea kuhusu. Siyo kupenda jeshi, siyo kuchukia jeshi. Kuuliza: ni kubwa kiasi gani, linaanzia wapi, linaishia wapi, na ndani kuna nani.

Ndani kuna msee wa sentimita 5. Hiyo ndiyo namba niliwaambia mkumbuke. Pengine ana miaka 22 kama mimi, alipanga laini ya kuandikishwa uwanjani akikimbia peku, juu kazi nyingine haikuonekana. Hiyo haimwondolei lawama akifanya ubaya. Kwa kweli inamwongezea, juu gari haliwezi kulaumiwa lakini mtu anaweza. Ukiliona kama zimwi, hakuna wa kumwuliza. Ukiona watu ndani, unaweza kuuliza ni nani alitoa amri na ni nani aliitii.

Kuna wale waliniandikia kwa heshima wakisema modeli za kivita zinatukuza vita. Hao nawasikia. Kuna modeli nyingi huko duniani zinatengenezwa safi, bila tone la matope, bila mtu, kama vita ni maonyesho ya magari. Hiyo siipendi pia. Lakini dawa ya hiyo si kuacha kujenga. Ni kujenga kamili. Weka mifuko ya mchanga. Weka mtu aliyelala kwa uchovu, kofia imemwangukia. Weka kiraka kwa turubai. Ukijenga kila kitu kilichokuwepo, vita vyenyewe vitakosa pa kujificha.

Kisha kuna wale wa "ungemaliza chuo". Wacha nijibu mara moja na tusirudi hapo. Nilikuwa nasomea uhandisi. Nilitoka mwaka wa pili, juu karo iliisha kabla ya masomo kuisha, na si mimi peke yangu kwa hilo darasa. Nilichobeba kutoka huko ni kuchora kwa skeli, na bado nakitumia. Mkono wangu haukuandikisha kuacha masomo.

Na hii dharau ya kazi ya mikono, hasa kwetu Ukambani, ni ya ajabu sana. Nenda Wamunyu. Uchongaji wa vinyago wa kuuza, ule umelisha na kusomesha watu kwa miaka mingi, unahusishwa na mzee Mutisya Munge, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nyumbani na ufundi. Fikiria. Walimchukua kwa vita vya watu wengine, akarudi na kitu cha kutengeneza. Sasa mtu ananiuliza nitakua lini?

Basi ukitaka kujaribu, hii ndiyo rada yangu.

Chagua gari moja tu unalolikumbuka ukiwa mtoto. Si lazima liwe la vita. Linaweza kuwa lori la GSU lililoegeshwa mtaani kwenu 2008, lori la chakula cha msaada wakati wa ukame, ama ambulensi iliyokuja ikachelewa. Mradi lilikufanya uhisi kitu.

Kisha tafuta vipimo vya ukweli. Ongea na fundi, dereva, mtu aliyelipanda. Tafadhali usiende kupiga picha kambi za jeshi ukisema mimi nilikutuma. Magari kuukuu yako kwa gereji, na picha za gwaride ziko wazi kila mahali.

Chagua skeli moja na uishikilie. Ukianza kurefusha bunduki juu inapendeza, umerudi darasa la pili.

Huhitaji pesa. Mikebe ya soda, kadibodi ya sanduku la viatu, waya, slipas iliyokwisha kwa magurudumu, wembe, msasa, gundi. Magurudumu yangu yana upana wa sentimita 2.3 kutoka ukingo hadi ukingo, nimekata kwa wembe na kusugua na msasa jioni tatu nzima, na bado ni rahisi kuliko kuagiza sanduku la modeli kutoka ng'ambo. Ukikata mkebe, funga vidole kitambaa. Alumini inakata kama kisu.

Na la mwisho, hili silegezi: weka watu ndani. Hata kama ni waya na nta ya mshumaa. Sentimita 5 kwa kila mmoja.

Jambo la kufikiria mkiendelea. Land Rover ya tani mbili, ukiipunguza kila upande mara 35, uzito unapungua mara 42,875. Inabaki gramu 47 hivi, chini ya yai la kuku. Kitu kilichotingisha barabara ya Mwingi kinatoshea kwa kiganja cha mtoto. Sisemi hivyo ili tukidharau. Nasema hivyo juu kitu kikitoshea mkononi unaweza kukigeuza chini juu, kama mjomba alivyofanya, na uone sakafu yake.

Kwa hivyo ukimkuta kijana mtaani na waya na mikebe, usimwulize atakua lini. Mwulize skeli ni ngapi, na ndani amewaweka wangapi.